Jumamosi na kitabu cha Anderson

Mvua tangu asubuhi hapa Mbeya, mlima Loleza hauonekani. Nimeshinda ndani na "Introduction to Flight" cha John D. Anderson, kitabu alichoniachia mpwa wangu anayesoma uhandisi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya. Nilitaka kurasa za mabawa tu, niandae somo la Bernoulli, ile kanuni kwamba hewa ikienda kasi shinikizo lake hupungua. Nimejikuta namsoma mwandishi mwenyewe.

Mzee huyu alizaliwa Pennsylvania mwaka 1937. Akasomea uhandisi wa ndege Florida, akapata uzamivu Ohio State mwaka 1966, kisha akaingia maabara ya jeshi la majini la Marekani, kwenye utafiti wa vitu vinavyopaa kwa mwendo unaozidi wa sauti mara tano na zaidi. Mtu wa hivyo hategemewi kurudi kwenye chaki. Mwaka 1973 akahamia Chuo Kikuu cha Maryland kuongoza idara, na mwaka 1978 kitabu hiki kikatoka. Baadaye akaenda kwenye makumbusho ya ndege ya Smithsonian.

Milinganyo anayo mingi, lakini ukishachoka nayo anakuletea watu. Wale ndugu wawili waliotengeneza ndege, akina Wright, mwaka 1901 wanapima vibawa vidogo ndani ya sanduku la mbao linalopulizwa upepo, kwa kuwa majedwali ya nguvu ya mabawa waliyoyakuta hawakuyaamini tena. Vitabu vyetu vya fizikia vingekuwa na kurasa mbili tu za namna hiyo!

Halafu lile la kwa nini bawa huinua ndege. Wengi huandika kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini nyuma ya bawa. Anderson anakataa katakata: hakuna kinachozilazimisha kukutana, na ya juu hutangulia kufika. Nimecheka peke yangu, maana kuna binti wa Kidato cha Tano aliwahi kuniuliza, "Sasa ticha, hizo hewa ziliahidiana wapi?"

Mazoezi nitatunga ya hapahapa. Uwanja wetu wa ndege wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa hesabu za kawaida hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia kama 12. Ndege inayohitaji kilomita 200 kwa saa kuinuka Dar, kwa uzito uleule, Songwe itahitaji ngapi? Napata karibu 214. Ila yule binti lazima ataleta habari ya joto la Dar, maana joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi, na hapo tutapiga hesabu upya.