Nywele za Juu ya Sikio

Kila Jumapili jioni binti wa dada yangu hukaa mkekani, kichwa katikati ya magoti yangu, nikamsuka twende kilioni ya shule. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipokwenda Muscat kufanya kazi za ndani, nami nikabaki naye hapa Tanga. Miezi michache baadaye, juu ya sikio la kulia, nywele zikapungua mpaka ngozi ikaonekana. Nikadhani ni mapunye. Nikampaka dawa.

Tumbo likafuata. Akila vijiko vitatu tu: "Mama mdogo, nimeshiba." Akawa anatapika, akakonda, na mdomo ukatoa harufu isiyoondoka kwa mswaki. Kwenye zahanati walimpa dawa za minyoo mara mbili, kisha za vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemtazama kichwani, na mimi niliyekishika kila wiki sikusema neno. Hilo bado linaniuma.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyembonyeza chini ya chembe cha moyo akakuta kitu kigumu kinachosogea. Akamvua mtandio taratibu, akauliza, "Nywele za hapa zinakwenda wapi?"

Mtoto akatazama sakafu. "Nazila."

Nywele hazimeng'enywi tumboni, hata tindikali haiziwezi. Zinateleza, zinanasa kwenye mikunjo ya tumbo, zinajisokota pamoja na ute na mabaki ya chakula mpaka linakuwa donge lenye umbo la tumbo lenyewe. Kuna madonge yenye mkia unaoshuka hadi utumbo mwembamba. Tangu 1968 madaktari huuita ugonjwa huo kwa jina la Rapunzel, msichana wa hadithi ya Kijerumani mwenye nywele ndefu. La kwetu halikuwa na mkia, ila lilikuwa kubwa mno kutolewa kwa mpira wa kamera. Akapigwa nusu kaputi, akapasuliwa. Nilionyeshwa: jeusi, linang'aa, linanuka.

Dada alilia kwenye simu. "Ulikuwa unamnyima chakula?" Sikumkasirikia. Angeuliza nini, akiwa mbali vile?

Majirani walishauri viboko, wengine pilipili vidoleni. Nawaomba wazazi wenzangu msifanye hivyo. Mtoto huyu hakuwa mkaidi. Mkono ulipanda wenyewe, hasa usiku kabla ya usingizi, wala mara nyingine hakujua. Mtaalamu wa saikolojia anamfundisha kuutambua unapoanza kupanda, akunje ngumi au ashike kitu mpaka hamu ipite. Yeye amechagua kipande cha kanga ya mama yake, anakisokota vidoleni.

Donge linaweza kurudi, kwa hiyo kliniki tunaendelea. Na kila Jumapili, kabla sijashika kitana, namuuliza mkono umepanda mara ngapi wiki hii. Juzi alisema mara nne. Nikaandika kwenye daftari, kisha nikamsuka, nikaziacha zile fupi za juu ya sikio bila kuzivuta.