Ile kauli ya Baba pale mnadani

Jamani, Baba alisema kitu Jumapili na mpaka leo Alhamisi hakijanishuka. Tulikuwa nje ya kanisa baada ya ibada ya kwanza, mnada unaendelea, mnaujua mnada wetu, trei moja ya mayai inauzwa mara tatu maana kila anayeinunua anairudisha iuzwe tena, na mchungaji mpya alikuwa anazunguka kusalimia wazee. Akafika kwa Baba. Baba akaanza historia yake, anaanzia 1893 Wajerumani wa Leipzig walipofika Machame utadhani yeye ndiye aliyewapokea mizigo, akashuka mpaka kwa watoto wake. Mkubwa yuko Dar, injinia. Mdogo yuko Minnesota, anasomea udaktari, ule wa vitabu sio wa sindano. Hawakuwepo lakini walitambulishwa kwa picha za kwenye simu. Halafu akanishika bega mimi.

"Na huyu ndiye aliyenitii."

Basi. Akahamia kwenye bei ya kahawa.

Mchungaji akacheka, "Amri ya nne hiyo Mzee, yenye ahadi," (kwetu Walutheri ndiyo ile ya waheshimu baba yako na mama yako), nami nikatabasamu nikaenda kulipia mkungu wa ndizi ambao sikuuhitaji, kwetu ndizi zinaozea shambani.

Sasa nauliza, hiyo ni sifa? Maana wenzangu wana vyeo, mi nina utii. Nimeirudia kwa sauti zote. Nasahihisha madaftari: na HUYU ndiye aliyenitii. Naosha vyombo: na huyu ndiye ALIYENITII, yaani wale wengine hawakutii? Kaka alioa Mromani Baba akasusa harusi mpaka saa nne asubuhi ya siku yenyewe (kaka hupenda kumtania kwamba hata huko amri ni ya nne ileile), na huyu mdogo kanisani haendi tena, Baba anajua, hasemi. Au alimaanisha mi ndiye nisiyekuwa na cha kutambulishwa nacho? Nikamuuliza Baba Eliya, akasema umesifiwa mama, pokea, akageukia ukutani akalala. Wanaume.

Wiki hii pia barua yangu ya uhamisho imetoka (ni wilaya yetu hiihii ya Hai, ntawaambia), kaka kapata mtoto wa tatu, umeme ulikatika siku mbili. Mi niko na sentensi moja tu.

Aliyechochea moto ni Eliya. Yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara, Katekisimo Ndogo anazunguka nayo mpaka chooni. Luther alipoiandika 1529 alikusudia baba wa nyumba ndiye awafundishe watu wake, ila kwetu anayemsikiliza mtoto ni mama, baba wa nyumba yuko kwenye mpira. Juzi akawa anakariri hiyohiyo amri ya nne na maana yake, tusiwadharau wazazi, tuwatumikie, tuwatii, akafunga kitabu akaniangalia.

"Mama, babu alisema ulimtii. Ulimtii nini?"

Nikafungua mdomo hakuna kilichotoka. Nimwambie nini, kurudi nyumbani kabla ya giza? Sala ya saa mbili usiku? Baba alikuwa anatusomea Waefeso sita, anaanza "Enyi watoto, watiini wazazi wenu katika Bwana", anashuka mpaka "ukae siku nyingi katika dunia", anafunga Biblia. Mstari wa nne niliukuta mwenyewe nikiwa chuo cha ualimu, "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu", nilicheka bwenini mpaka wenzangu wakaamka. Miaka yote hiyo mzee anauruka! Na fimbo ya mti wa kahawa iko juu ya mlango. Na huo ualimu wenyewe ulikuwa neno lake, mi nilitaka unesi. Hilo Eliya sikumwambia.

Nikamwambia habari ya chenji. Nilikuwa darasa la nne, nilitumwa mafuta ya taa, mwenye duka akazidisha noti ya mia tano. Nikaja nayo mbio nafurahi. Baba akahesabu kwenye mwanga wa koroboi, akahesabu tena, "Rudisha." Masika hiyo, usiku, njia yenyewe ya katikati ya migomba, giza tii. Nililia sana. Akachukua koti lake la mvua akanivalisha mimi, likawa linaburuza matope, akatembea nyuma yangu kimya mpaka kwenye kona ya duka, akasimama. "Nenda." Hakuingia. Nilipotoka nilimkuta palepale, shati limemganda mgongoni, anaimba bezi ya kwaya peke yake kwa sauti ya chini. Na mwaka ule malipo ya pili ya kahawa hayakuja, sukari tulikuwa tunaiona wageni wakija. Ile mia tano aliihitaji kuliko mwenye duka, na hakuna binadamu angejua. Mi nilitumwa na Baba, sawa, yeye alitumwa na nani usiku ule kama sio Mungu? Nadhani dini yangu yote niliipata pale konani, hizo sala za saa mbili nilikuwa nasinzia.

Eliya akafikiria, akasema, "Mi ningemwambia mwenye duka asubuhi."

Nilicheka jamani, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Ila nisiwadanganye, asubuhi ikarudi kwa mlango mwingine. Kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, ni cha kitinda mimba, ndiyo mila yetu Wachaga, kwa hiyo ni cha Minnesota, sijawahi kukigombania na siwezi kumuuliza Baba kitu kama hicho. Lakini ile migomba nani anaipalilia? Na mkono ule begani ulikaa muda mrefu kidogo, kama vile kuna neno lingine lilitaka kutoka mchungaji akalikatisha na amri yake ya nne. Au najitungia tu.

Naishia hapa, Eliya ananiita zizini. Ng'ombe wetu amegoma kula tangu jioni, tumbo limevimba upande wa kushoto, na daktari wa mifugo nampigia hapokei.