Siku moja na Muscadet: kazi yangu ya mvinyo hapa Nantes

Saa 2:30 asubuhi. Niko soko la Talensac na mpishi mkuu wa mgahawa wetu. Yeye anachagua, mimi naandika. Kazi yangu ni mvinyo, lakini siwezi kupanga chupa kabla sijajua samaki gani wameingia. Leo tumepata chaza wa pwani ya Vendée, na sandre, samaki wa maji baridi anayependwa sana huku magharibi mwa Ufaransa.

Saa 4:30. Tunaonja sasa, kinywa kikiwa bado hakijachoka. Chupa ya leo ni Muscadet, mvinyo mweupe mkavu wa huku Nantes, ya eneo la Sèvre et Maine, iliyoandikwa “sur lie”, maana yake mvinyo ulilala juu ya mashapo ya chachu majira yote ya baridi, kisha ukatiwa chupani moja kwa moja kutoka hapo. Rangi yake ni hafifu, karibu na maji. Harufu ni ya ndimu, tufaa bichi na jiwe lililolowa. Navuta funda moja pamoja na hewa, nalizungusha mdomoni, natema ndooni. Ncha ya ulimi inachonyota kidogo: ni gesi iliyobaki kule kwenye mashapo.

Kijana tunayemfundisha kazi, binti wa Bukavu, anakunja uso. “Yaya, hii iko kali sana.” (Kwao yaya ni dada mkubwa, na huniita hivyo tangu siku ya kwanza.)

Nafungua chaza mmoja. Kisu kinaingia pale kwenye bawaba la gamba, nakipindua, nakata msuli, nahakikisha maji yake ya chumvi hayamwagiki. “Kula, mdogo wangu, halafu unywe tena.” Anakula. Anakunywa. Ananyamaza, kisha anasogeza glasi niongeze.

Mimi nimekulia Tanga, na kwetu samaki hafiki mezani bila ndimu. Muscadet inafanya kazi ileile: inakata chumvi, inaamsha utamu wa nyama ya samaki, kisha inapisha. Wengi huuita mvinyo mwepesi usio na makuu kwa sababu wameunywa mtupu. Naumia nikisikia hivyo. Zabibu yake, melon de Bourgogne, ilienea huku baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu, maana yenyewe huvumilia baridi. Imeishi na watu wa mto Loire na samaki wao tangu hapo.

Saa 7:00 mchana. Wageni wamejaa. Wengi wanataka chupa iliyozama kwenye barafu. Naitoa mapema, maana chini ya nyuzi 8 harufu yote inalala.

Saa 8:00. Sandre anatoka na beurre blanc: vitunguu vidogo vilivyochemshwa kwa siki na Muscadet hadi maji yakaribie kukauka, kisha siagi baridi, kipande baada ya kipande, mpishi akikoroga bila kuacha. Siagi hiyo ingeumeza mvinyo wa asubuhi. Nafungua mwingine, Muscadet wa mji wa Clisson, uliokaa juu ya mashapo miaka miwili; una unene wa kuibeba.

Saa 10:30 alasiri, nyumbani. Pweza wa nazi. Hapa Muscadet inashindwa, nasema wazi. Tui linaifanya iwe kama siki. Nazi inataka Vouvray, mvinyo mweupe mwingine wa Loire, ile yenye utamu kidogo.

Saa 3:00 usiku. Nanusa kizibo cha meza ya dirishani: boksi lililolowa maji. Mvinyo umeharibika. Naurudisha ndani kabla mgeni hajamiminiwa, naleta mwingine.

Saa 6:00 usiku. Wafanyakazi tunakula. Binti wa Bukavu ameitunza chupa ya asubuhi na chaza wawili. Ananikabidhi mmoja, anamimina, ananusa kwanza. “Yaya, sasa iko inanukia mkate.”

Ni yale mashapo. Sikumwambia mimi.