Babu Alilipataje Shamba? Kufuatilia Asili ya Ardhi Mtwara na Lindi

Anayetafuta asili ya shamba la familia huko Newala, Tandahimba, Masasi au Ruangwa mara nyingi huanzia kwa baba wa baba yake, na hapo hapo hupotea. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mpwa alirithi kwa mjomba. Kabla ya kuuliza babu alipata wapi ardhi, uliza mama yake alikuwa wa ukoo gani na wajomba zake walikaa wapi. Mikorosho ndiyo iliyoanza kuulegeza utaratibu huo, kwa sababu mtu aliyepanda na kupalilia pamoja na wanawe alitaka wanawe ndio waokote. Kwa hiyo unaweza kukuta shamba la muhogo limekwenda kwa mpwa na mikorosho imekwenda kwa mtoto, na kila upande unasema kweli.

Halafu tenganisha ardhi na miti. Hili ndilo linalowachanganya wengi. Uliza maswali matatu mbalimbali: nani alifyeka pori, nani alipanda, nani anaokota. Mgeni aliyevuka Ruvuma akakaribishwa na wenyeji aliweza kulima mtama au muhogo miaka mingi bila ardhi kuwa yake. Mti wa kudumu ulihitaji ruhusa ya mwenyeji, kwa hiyo ukimpata mzee anayekumbuka nani alimruhusu babu kupanda mikorosho ya kwanza, umepata ushahidi mzito kuliko barua nyingi.

Kuna na rehani. Mwenye shida aliweka mikorosho yake, mkopeshaji akaokota msimu hadi msimu mpaka deni lirudi. Wote wawili wakifariki deni likiwa bado, wajukuu wa mkopeshaji huamini kwa moyo safi kwamba babu yao alinunua. Tafuta kiasi kilichotolewa, mashahidi, na angalia kama upande huo uliwahi kupanda miti mipya au uliishia kuokota tu.

Pwani ya Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje karatasi zipo zaidi, hasa za minazi. Usikate tamaa ukiona herufi za Kiarabu: huenda lugha yenyewe ni Kiswahili, na mzee aliyesoma chuoni, yaani madrasa, ataisoma. Mwaka utakuwa wa Hijria. 1325, kwa mfano, ulianza Februari 1907. Fedha nayo inasaidia kukadiria umri wa hati. Heller ni za utawala wa Wajerumani, kuanzia 1904. Shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo hati ya shilingi inayodaiwa kuwa ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ichunguzwe sana.

Majina yanahitaji subira. Mvulana aliyetoka jandoni alipata jina jipya, na akibatizwa au akisilimu aliongeza jingine. Orodhesha majina yote kabla ya kwenda ofisi yoyote. Kwa familia zilizoishi karibu na misheni, vitabu vya ubatizo vya Masasi (Waanglikana walifika 1876) na Ndanda (Wabenediktini, 1906) vinaweza kuunganisha majina hayo na wazazi. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, tafuta chini ya Jimbo la Kusini. Mkoa wa Lindi wa sasa ulianzishwa 1971. Kama eneo liliwahi kuwa la mkonge au lina hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, ukikumbuka kwamba umiliki huru (freehold, usio na ukomo wa muda) uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali mwaka 1963.

Kisha ufike kwenye Operesheni Vijiji, ambapo simulizi nyingi hukatika. Watu walihamishwa, mikorosho ikabaki msituni, na walikohamia waligawiwa maeneo yaliyokuwa ya wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata uliofanyika bila kufuata sheria. Ni kifungu kichungu kwa aliyepoteza, lakini anayefuatilia lazima akijue: kuthibitisha kwamba babu alikuwa hapo 1960 hakutoshi kuirudisha ardhi. Kwenye mahame tafuta makaburi, miembe mikubwa, mistari ya minyaa na jina la zamani la eneo, maana jina la kijiji cha sasa huenda lilizaliwa na operesheni.

Wahoji wazee mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kabla ya kuzunguka mipaka pamoja nao na majirani wa pande zote nne. Mwite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Pima kwa hatua: 70 kwa 70 ni karibu ekari moja, na mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 huwa kama 28 kwa ekari. Ukihesabu 60 kwa nafasi hiyo hiyo mahali panapodaiwa kuwa ekari moja, ama mpaka umesogea, ama kuna mashamba mawili yaliyounganishwa, na itabidi umtafute mwenye la pili.