Kumbe si pipi

Jana nimeshinda kwenye foleni ya meno hapa Kigoma mjini na kijana wangu wa miaka minane. Meno yake mapya ya mbele yameota na mstari wa kahawia uliokatiza kama mfereji, ukipitisha ukucha unakwama. Bibi yake wa Ujiji alishahukumu: pipi. Nami nikawa nimemnyima hata muwa, maskini.

Daktari akatazama, akauliza, "Mama, huyu aliwahi kuumwa sana akiwa mchanga?" Nikakumbuka ile malaria ya kabla hajatimiza mwaka. Homa hadi degedege, tukalazwa.

Akasema huenda chanzo ni hicho. Jino la utu uzima huanza kujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya kuota. Tabaka mbili za seli hupelekeana ujumbe kwa protini: za ndani zikianza kuweka dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, hiyo ndiyo ishara kwa wenzao wa nje, ameloblasti, waanze kutandaza enameli, lile ganda gumu la nje ya jino. Homa kali ikiingia katikati, kazi inayumba, na alama inabaki palepale. Halafu jino likishaota, ameloblasti hazipo tena. Ngozi ikichubuka inajiponya, enameli haina fundi wa kurudi. Hapo nilishika kichwa.

Amepakwa floridi, kuziba ni baadaye. Nikauliza kuhusu muwa. Eti bado upunguzwe, enameli hiyo ni dhaifu, inatoboka upesi.

Bibi anacheka mpaka sasa.