Katika Chupa Yako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zaburi 56:8: "Umehesabu kutanga-tanga kwangu, uyatie machozi yangu katika chupa yako, je! hayamo katika kitabu chako?"

Nimeomba nilishike mimi neno hili kwa ajili ya binti yetu wa jumuiya aliyelazwa tangu Jumanne. Chupa ya uzazi, ule mfuko wa maji anamokaa mtoto tumboni, imepasuka, na mimba ina wiki 29. Nami nilipita hukohuko na mwanangu wa pili, huyu ambaye siku hizi tunagombana kuhusu kunyoa nywele.

Ilikuwa usiku, Tabata, umeme umekatika. Nilipoinuka kwenda chooni nikasikia uvuguvugu unateremka miguuni. Nikadhani mkojo. Nikabadili kanga, ya pili nayo ikalowa. Niliinusa, haikuwa na harufu ya mkojo kabisa. Jirani, mama ninayemheshimu mpaka leo, akaniambia, "Mtoto amekalia kibofu, mwanangu, lala." Mama zangu, ushauri huu tuuache. Maji yakitoka kabla ya wiki 37, hata matone, hata kama huna uchungu, ni safari ya hospitali usiku huohuo, maana kilichokuwa kinawazuia wadudu wasimfikie mtoto kimeshatoboka. Tukaita bajaji.

Nilikuwa na wiki 30. Daktari hakunipima kwa vidole. Alitazama kwa kifaa kisafi, akasema mikono ikiingiaingia inapeleka maambukizi. Nikaanzishiwa antibayotiki, nikachomwa sindano za deksamethasone, nne, kila baada ya saa 12, za kukomaza mapafu ya mtoto. Halafu? Halafu kukaa. Hilo ndilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikwenda nikijua ama nitazaa usiku ule ama wataiziba, kumbe naambiwa tusubiri: maadamu hakuna homa na mtoto anacheza, kila siku anayokaa ndani ni faida yake. Nilimuuliza muuguzi kama mtoto hatakauka. Akacheka. "Mama, huyo anakojoa humohumo. Maji mengine yanatengenezwa kila siku."

Wodini kila kitu kinahesabiwa. Joto, mapigo ya moyo, mtoto amecheza mara ngapi tangu mchana. Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa anaifungua pedi yangu chini ya taa, anatazama rangi, ananusa. Aibu iliniisha siku ya pili.

"Kijani hamna?"

"Hamna."

"Tumbo linauma?"

"Hapana."

"Anacheza?"

"Anacheza."

Anaandika, anahamia kitanda kinachofuata.

Hapo ndipo Zaburi hii iliponifungukia. Miaka yote nilikuwa naruka moja kwa moja kwenye machozi. Kumbe kabla ya chupa kuna hesabu, na baada ya chupa kuna kitabu. Daudi, akiwa mikononi mwa Wafilisti kule Gathi, anamwona Mungu anahesabu, anakusanya, anaandika. Kazi ya yule dada wa usiku! Na chupa yenyewe, wanaojua Kiebrania wanatuambia ni kiriba, mfuko wa ngozi wa kubebea maji safarini. Ngozi tu, kama hiyo iliyotoboka kwangu.

Watu walikuja kuniombea, Mungu awabariki. Mmoja akataka nitafute dhambi iliyomfungulia adui mlango. Hakujua kwamba nilishaitafuta usiku kucha: ndoo niliyobeba, daladala iliyoruka tuta. Nilipomuuliza daktari akanitajia maambukizi, mimba ya mapacha, sigara, au kama iliwahi kukutokea mimba iliyopita. Akamaliza kwa kusema mara nyingi sababu haionekani. Nami naona Zaburi hii haimhoji mtu machozi yake yametokana na nini ndipo iyapokee.

Kitanda cha pembeni yangu alikuwepo dada ambaye maji yake yalitoka wiki ya 21. Siku ya tano akapata homa, ikawa hakuna tena kusubiri. Mtoto hakuishi. Wangu alikaa tumboni siku 16 zaidi, akazaliwa na kilo 1.7, nikamfunga kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, ile wanayoita kangaruu, wiki kadhaa usiku na mchana. Sikumzidi imani yule dada. Usiku tulipoomba wote wawili, sauti yenye nguvu ilikuwa yake. Siku anaondoka alinikunjia kanga zangu zilizokuwa zinakauka dirishani, akaziweka miguuni pangu, akatoka bila kusema. Nimesoma neno hili mara nyingi kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Kwa hiyo atakayekwenda kumwona binti yetu, tafadhali, asimpelekee habari zangu kama ahadi. Nawa mikono, kaa naye, muulize kama mtoto amecheza leo, kisha omba. Kama hataki maombi ya sauti, kaa kimya naye.

Jumamosi tunakutana nyumbani kwa mzee wa jumuiya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayeweza aje na pakiti ya pedi, zile kubwa za wazazi. Wodi ile zinaisha haraka, na pembeni ya binti yetu wako wengine watatu.