Mama Alikuwa Kwenye Benchi, Nje

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Tanga. Mimba ya pili ilinikuta Minneapolis, Marekani, na mama akanyimwa viza.

Wazo la doula, mtu wa kulipwa kukaa na mwanamke wakati wa uchungu, halikuanza kwangu, lilianza kliniki. Nesi wa kliniki aliniuliza, mimba ikiwa na wiki 24, nani atakuwa nami leba. Nikamjibu, mume wangu. Akauliza tena: uchungu ukianza usiku wa manane, yule mkubwa mtamwachia nani? Nikabaki namtazama. Ndugu hapa hatuna, na jirani zetu tunajuana kwa kupungiana mikono kwenye lifti.

Nilipomweleza mume wangu, alicheka. "Tumlipe mtu aje akushike mkono? Mkono si ninao?" Nami moyoni nilikuwa upande wake. Doula si mkunga. Hapimi njia imefunguka kiasi gani, hasikilizi mapigo ya moyo ya mtoto, hazalishi. Anakaa nawe tu tangu uchungu ushike mpaka mtoto anyonye: anakukanda kiuno, anakubadilisha mkao, anakukumbusha kunywa maji na kwenda haja ndogo, anakufafanulia wanayosema madaktari. Neno lenyewe ni la Kigiriki, asili yake mjakazi. Hilo sikumwambia mama.

Wiki nzima nikawa na wimbo mmoja: nyumbani ningekuwa na mama, nyumbani ningekuwa na mama. Mpaka usiku mmoja, naosha vyombo, nikakumbuka ilivyokuwa hasa.

Mama alikuwa kwenye benchi, nje. Alinifikisha mlangoni na beseni, kanga tano, pamba na chupa ya chai, mlango ukafungwa. Ndani tulikuwa wanawake wanane kwa manesi wawili, na manesi wale siwalaumu, walikuwa wanakimbia. Tangu alfajiri hadi magharibi hakuna aliyenigusa ila wakati wa kupimwa. Mama huko nje alikuwa akisikia sauti za leba, akijaribu kubahatisha ipi yangu. Baadaye aliniambia kuna sauti moja ilimliza sana, akamwomba Mungu mwenye sauti ile asife. Haikuwa yangu. Mimi nilijifungua kimya.

Kumbe nilichokuwa nakililia sijawahi kuwa nacho. Mama yupo baada ya kujifungua: maji ya moto, uji wa pilipili manga, kufungwa tumbo, siku arobaini. Lakini mle ndani, penye kazi yenyewe, sikuwa na mtu.

Nilipomsimulia mume wangu hakucheka tena. Yeye ni mtu wa hesabu, kwa hiyo akaenda kusoma. Akarudi na uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000: wenye mtu wa kukaa nao mfululizo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi kiasi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu. Akafunga kompyuta, akasema, "Haya, bei gani?"

Bei ilituuma. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2013 ili bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Medical Assistance, ilipie doula aliyesajiliwa na jimbo. Mwanamke mmoja tuliyekutana naye kliniki alipata wa kwake bila kutoa senti. Sisi tuna bima ya kazini kwa mume wangu. Nikawapigia, wakaniambia hawalipii. Ikabidi tuweke fedha kando miezi mitatu. Anayesoma hapa na anaishi Marekani, aanze na simu hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana majimbo hayafanani na bima hazifanani.

Nikazungumza na watatu.

Wa kwanza alikuwa Mmarekani, amesindikiza uzazi zaidi ya mia mbili. Alikuja na faili zuri lenye picha za mikao. Anataka dola 1,800. Tatizo, kila nilipotaja sindano ya ganzi ya mgongoni, uso wake ulijikunja kidogo, kama nimesema nitakula mchana wa Ramadhani. Mimi nilishazaa bila ganzi, tena kwa kukosa. Sikuwa tayari kumlipa mtu ili nimwonee aibu.

Wa pili alikuwa Mtanzania mwenzetu, ndiye niliyemtaka kabla sijamwona. Mcheshi, mpole, na bei yake nafuu. Katika saa moja tuliyokaa alinisimulia uzazi wa wanawake wawili ninaowajua. Hakuwataja majina, alitaja tu mitaa na kazi za waume zao. Nikamshukuru, nikampakulia pilau aondoke nayo.

Wa tatu ni Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Kiswahili chake kilinichekesha, mtoto anamwita "mtoi", lakini kilinyooka. Nilimuuliza niliyowauliza wenzake: mwezi nitakaojifungua una wateja wangapi? Ukiugua, nani atakuja badala yako, na naweza kumwona mapema? Daktari akisema jambo nisilolielewa, utafanya nini? Wa kwanza alijibu kwamba atanitetea. Huyu alisema, "Siongei na daktari kwa niaba yako. Naomba dakika tano, nakueleza, wewe unaamua, unasema mwenyewe." Nikauliza, na nikipelekwa kwenye upasuaji? "Wakiniruhusu naingia. Wakikataa nakaa mlangoni, ukitoka utanikuta." Nilifikiria lile benchi la Tanga.

Kisha akageuka kwa mume wangu. "Na wewe, ndugu, damu unaiweza?" Mume wangu akasema hajui. Kati ya watu watatu, ni yeye peke yake aliyemuuliza kitu.

Dola 1,200, nusu ilipwe siku ya kusaini. Mkataba kurasa mbili: kututembelea mara mbili kabla, simu yake kuwa wazi usiku na mchana kuanzia wiki ya 38, na kutembelea mara mbili baada ya mtoto. Tulisoma kila mstari. Tuliomba uongezwe mmoja, kwamba habari zetu hazitoki, akauandika hapo hapo kwa kalamu. Nilihakikisha pia jina lake lipo kwenye orodha ya jimbo, na nikampigia mama mmoja aliyemhudumia.

Uchungu ulianza Februari, theluji imefika magotini. Yule mkubwa tulimwachia mke wa imamu, ambaye doula ndiye aliyenishauri nimwombe mapema badala ya kuona haya. Hospitalini Kiingereza kikaniruka. Miaka sita nafanya kazi kwa Kiingereza, lakini njia ilipofunguka sentimita sita nilikuwa najibu manesi kwa Kiswahili nikidhani wananielewa. Mkalimani wa simu alikuwepo, ni haki yako hapa na ni bure, na mambo ya kusaini tuliyapitisha kwake. Ila simu haiwezi kukukanda kiuno.

Njia ikagoma kwenye sita kwa saa nne. Daktari akapendekeza dripu ya kuongeza uchungu. Doula akaomba zile dakika tano zake. Akanieleza dripu inafanya nini, kwamba maumivu yataongezeka, kwamba naweza kuuliza nini kitatokea tukisubiri. Niliuliza. Kisha nikakubali dripu, na ganzi nikaitaka pia. Uso wake haukujikunja. Mume wangu alikaa upande wa kichwa changu, maana swali la damu lilikuwa limeshapata jibu.

Saa kumi na moja alfajiri akatoka, msichana. Tanga ilikuwa saa nane mchana. Mama alipokea simu kabla haijaita mara ya pili, akamtazama mjukuu, akanitazama mimi, halafu akaona mkono unaoniwekea mto.

"Nani huyo?"

Doula akainama kwenye kamera. Nilikuwa nimemfundisha. "Shikamoo, mama."

Mama akaitikia marahaba, na bila kupumua akaanza kumwagiza: maji yawe ya moto hasa, si vuguvugu, kanga ifungwe kuanzia chini kupanda juu, asiniache nikanyage sakafu ya baridi. Doula alisikiliza yote. Wiki iliyofuata alipokuja nyumbani mama alidai awekwe kwenye simu asimamie mwenyewe, na kanga ilifungwa mara tatu mpaka akaridhika, ingawa doula alisisitiza isikazwe.

Sasa wanapigiana bila mimi. Mama anadhani ni rafiki yangu, na habari ya zile dola 1,200 mimi na mume wangu tumekubaliana haitavuka bahari.